Tupeane uzoefu: mliofungiwa Mji wa Kale, Mombasa, wakati wa Corona 2020, habari zilikufikieni vipi?

Mkibokoni: Juzi gari la matangazo ya chanjo limepita mtaani, spika inakoroma, nikashtuka mwili mzima. Mei 2020 ikanirudi yote. Waliokuwa ndani Kagwe, Waziri wa Afya wa wakati ule, alipotangaza tarehe 6 kwamba hatoki mtu haingii mtu siku 15, sisi na wenzetu wa Eastleigh kule Nairobi, hebu semeni. Nani alikwambia, na alikwambia nini? Mimi nilisikia kwenye foleni ya bajia za futari kabla ya runinga.

Abu Swafia: Siku 15 zikawa mpaka Juni. Idd tukaswali sebuleni.

Bint Kuze: Umenichokoza. Mamangu huuza mahamri. Wapimaji walipokuja alikubali kupimwa, tena wa kwanza kwenye kichochoro chetu, kwa sababu mzee wa mtaa alimsihi. Tukaambiwa majibu tutapigiwa simu. Simu haikulia. Kilicholia ni king'ora, usiku, kafyu imeshaingia. Ambulansi haipiti vichochoro vyetu, ikaachwa barabarani, wakashuka watu waliovaa nyeupe kichwa mpaka miguu, wanaita jina la mama kwa sauti nyumba hadi nyumba. Madirisha yote yako wazi. Mama akauliza, "Mwanangu, mimi siumwi popote, napelekwa wapi?" Akajibiwa, "Mama, panda kwanza." Nikauliza bili ni ya nani, maana tulikuwa tukisikia karantini ni 2,000 kwa siku, siku 14 ni 28,000, na kuna watu wamerefushiwa kwa sababu mwenzao wa chumbani amepatikana nayo. Kijana wa watu akaniambia niulize ofisini. Ofisi gani, saa nne usiku? Alfajiri nikakuta unga aliokanda umefura mpaka umeinua kifuniko cha sufuria. Nikaumwaga. Mama alirudi mzima, alhamdulillahi, lakini wateja walikuwa wakivuka upande wa pili wa njia mpaka baada ya Idd ya kuchinja. Na ile kauli ya Rais kwamba serikali italipia karantini ilikuwa imeshatolewa mwezi ule ule. Kwetu hakuna aliyekuja na spika kuisema. Spika ilikuja kusema "kaeni nyumbani".

Mwana wa Makadara: "Panda kwanza." Hayo hayo.

Kijana wa Nyali: Poleni, lakini tuseme ukweli. Nyinyi ndio mliokimbia kupimwa. Mahema yamewekwa, watu hawaendi. Kila jioni taarifa ya wagonjwa ni Mvita, Mvita, Mvita, eneo lenu. Serikali ingefanyaje?

Bint Kuze: Soma nilichoandika. Mama ALIPIMWA. Waliomwona akichukuliwa ndio waliokataa kesho yake. Ungekuwa wewe ungekwenda?

Kijana wa Nyali: Ningekwenda.

Abu Swafia: Ungekwenda na bima yako.

Mkibokoni: Jamani taratibu. Ila hilo la kutaja mitaa kila jioni nalo lilituumiza. Ndugu yangu alifukuzwa kibaruani Changamwe kwa sababu kitambulisho kinasema Mji wa Kale, na alikuwa ameshahama zamani.

Nahodha Mstaafu: Mimi sikuwa na haja ya spika wala hema. Nilikuwa na mchumba Mkomani. Ukisimama bandari ya kale ng'ambo unaiona, taa zao zinakuchekelea. Usiku mmoja nikamwomba mvuvi, tukalala chali ndani ya mashua, makasia yamefungwa matambara yasilie. Katikati ya maji boti ya doria ikawasha tochi. Mvuvi akatupa mshipi, akajifanya anavua. Mimi nimefunikwa jarife linanuka papa. Tochi ikatupitia.

Mwana wa Makadara: Halafu?

Abu Swafia: Ulifika??

Nahodha Mstaafu: Nilifika. Babake akafungua mlango, akaniona, akafunga. Kwa ndani nikamsikia, "Wa Mji wa Kale huyo, asiguse komeo."

Mwana wa Makadara: Nimecheka mpaka nimekohoa, na siku hizi kukohoa si kosa. Ulimuoa lakini?

Mkibokoni: Uzi wangu umetekwa.

Bint Kuze: Mwacheni ajibu bwana.

Mama Beni: Miye niko Beni, Kongo. Huku ilikuwa Ebola, 2018 mpaka Juni 2020, na aliyegusana na mgonjwa alifuatiliwa siku 21. Wakati wa uchaguzi wa Desemba 2018 wakasema Beni na Butembo hatutapiga kura kwa sababu ya ugonjwa na usalama. Masoko wazi, makanisa wazi, kura tu ndiyo inaambukiza! Vijana wakapanga foleni, wakanawa mikono, wakapiga kura yao ya mfano. Toka siku ile ukimwambia mtu Ebola ni ya kweli anakuuliza, "Na kura yetu?" Wagonjwa wakafichwa. Watu zaidi ya 2,200 walikufa, na jirani zangu wamo.

Abu Swafia: Mungu awarehemu. Hapo hata sina la kuongeza.

Kijana wa Nyali: Sasa dawa ni nini? Msiseme tu serikali mbaya.

Mkibokoni: Waanze na swali la bili. Hayo ya kunawa mikono baadaye.

Mwana wa Makadara: Imamu wa mtaa apewe habari kabla ya televisheni.

Abu Swafia: Imamu wetu aliambiwa mapema, akaambiwa pia asiseme. Bora yule nyakanga, kungwi mkuu wa mtaa, yule hafichi kitu.

Bint Kuze: Wamuuguze mtu kwake kama hana dalili. Juni ile ile wakaruhusu. Mwezi mmoja baadaye.

Kijana wa Nyali: Kwenye nyumba ya vyumba viwili watu tisa?

Bint Kuze: Ndiyo uje na spika utufundishe tutalalaje.

Nahodha Mstaafu: Kuhusu kuoa: nilioa Lamu.