Kufuli la Chrome limekwenda wapi?

Mama Langoni: Asalaam aleikum. Nauza kofia za vito hapa Lamu, wateja wa bara hunitumia viungo vya malipo. Zamani nikiona alama ya kufuli juu, kando ya anwani ya tovuti, moyo watulia. Sasa kivinjari cha Chrome hakina, cha Firefox kinayo. Mwanangu asema nihamie Firefox. Kweli ni salama zaidi?

Fundi Mkomani: Waaleikum salaam, mama. Google, wenye Chrome, waliliondoa mwaka 2023 kwa kuwa watu walilidhania hati ya uaminifu. Kufuli husema tu kwamba yanayopita njiani yamefichwa. Tapeli naye hulipata, tena bure: shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti vya tovuti, ndivyo viletavyo kufuli, bila malipo tangu 2015. Firefox ni nzuri, mimi naitumia, lakini haitakuzuia kuandika PIN yako pasipo pake. Soma anwani herufi kwa herufi. Tena mtu akitaka kukulipa, PIN yako ya nini?

Mvuvi wa Shela: Mimi hufungua ukurasa wa siri (Incognito), basi.

Fundi Mkomani: Huo kazi yake ni kutoweka historia kwenye simu yako tu, ndugu. Tapeli hajali.

Mvuvi wa Shela: Haya. Mama, kofia nyeupe bei gani?