Usukani uliopinda chini kwenye marramu: mikono inakufa ganzi, nifanyeje?

Mpanda Vilima (Fort Portal)

Wanajukwaa wenzangu, salaam. Baada ya kuendesha baiskeli ya milimani kwa miaka mingi, nimenunua baiskeli ya changarawe iliyotumika, yenye usukani uliopinda chini, tairi za 700 kwa 38 (upana wa milimita 38) na breki za diski zinazovutwa kwa waya. Kwenye lami inakwenda vizuri mno. Taabu huanza ninaposhika marramu, ile barabara ya udongo na changarawe, ya kuelekea maziwa ya Kasenda: haupiti muda kabla kidole kidogo na cha pete havijafa ganzi, shingo hukaza, na kwenye mteremko nahisi nitarushwa mbele. Nimefikiria kuweka usukani ulionyooka, lakini fundi wangu anasema vishikio vyote vya breki na gea vitabidi vibadilishwe, na gharama si ndogo. Je, ni suala la kuzoea tu, au kuna kitu kimekaa vibaya? Na kwa fedha chache zilizobaki, nifunge kifaa gani kwanza?

Mzee wa Kabale

Ndugu, usiuondoe usukani huo. Ganzi ya vidole hivyo viwili hutokana na neva inayopita kwenye kitako cha kiganja upande wa kidole kidogo, ambayo hubanwa uzito wa mwili ukielemea mikono. Kwa hiyo anza na kiti. Kiti kilichoinamisha pua humtelezesha mpandaji mbele, naye hujizuia kwa mikono bila kujua. Kilaze sawa kwa pimamaji ya mwashi. Kisha ukiweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke pasipo nyonga kuyumba.

Ndipo uje mbele. Muda mwingi mikono hukaa juu ya mipira inayofunika vishikio vya breki, ambayo iko mbali zaidi kuliko vishikio vya usukani ulionyooka, hivyo fremu inayokutosha kwa kimo bado inaweza kukunyoosha kupita kiasi. Kile kipande kinachounganisha usukani na uma unaoshika gurudumu la mbele, kama kina milimita 100, jaribu cha 80. Viwiko vilegee, na kifundo cha mkono kisipinde.

Kuhusu mteremko, shuka ukiwa umeshika pembe za chini, yaani ile sehemu ya usukani iliyopinda. Najua inaogofya, kwa kuwa kichwa kinainama, lakini huko chini vidole hufikia ncha ya kishikio cha breki, ambako nguvu kidogo hutosha, na mkono hauchomoki kwa urahisi gurudumu likigonga jiwe. Nyanyuka kidogo kitini, rudisha makalio nyuma, pedali zote mbili zikae kimo kimoja. Jizoeze kwenye kilima kifupi kisicho na magari; mteremko wa Ziwa Bunyonyi si mahali pa kuanzia, na ng'ombe wa huku hawapigi honi.

Fundi Spoki (Kampala)

Nakubaliana na mzee, ila kuna jambo la kukagua kabla ya mteremko wowote. Kwenye baiskeli za mtindo wa Kiingereza breki ya mbele hushikwa kwa mkono wa kulia, lakini zinazouzwa Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya bara huwa nayo kushoto. Yako ni iliyotumika na huenda ilitoka huko; ukivuta ya mbele ukidhani ni ya nyuma, ule woga wa kurushwa mbele una sababu. Kama mikono yako imezoea vingine, kubadilisha waya si kazi kubwa.

Fedha ziende kwenye tairi. Funga pana kadiri fremu inavyoruhusu, ukiacha walau milimita 4 kila upande, maana tope la marramu wakati wa mvua za Machi hadi Mei hujaa hapo na kusugua fremu kama msasa. Kwa mtu wa kilo 70 hivi, tairi ya 43 yenye tyubu huanza vizuri kwenye psi (kipimo cha nguvu ya upepo) 35 hadi 40. Wajazaji upepo wa kando ya barabara watataka kuikaza kama jiwe, basi simama ukiwaangalia. Ila usishuke mno, kwani tyubu itabanwa na rimu na kutoboka matundu mawili sambamba.

Dukani uwe macho. Tairi ya inchi 28 ya zile baiskeli za kubebea matoke ina kipenyo cha ndani, panapokaa rimu, cha milimita 635, na yako ni 622, kwa hiyo hazipatani hata muuzaji aape. Ile ya milimani ya inchi 29 ndiyo yenye 622, na tyubu yake itakuokoa, mradi tundu la rimu lilingane na unene wa valvu. Kama valvu zako ni zile nyembamba, nunua adapta ndogo ya shaba ya kuziunganisha na pampu ya kawaida na ukae nayo mfukoni.

Mama Kilomita (Mbarara)

Niongeze dogo: acha begi la mgongoni. Uzito wake hushukia mikono ileile inayouma. Begi la pembetatu ndani ya fremu hubeba tyubu, pampu, viraka na koti la mvua, na cherehani yoyote nzuri inaweza kulishona kwa turubai. Taa ya nyuma iwake hata mchana, kwa sababu dereva aliye ndani ya vumbi la basi hakuoni.

Mpanda Vilima (Fort Portal)

Asanteni sana. Pua ya kiti ilikuwa imeinama kweli, na breki ya mbele iko kushoto. Nimepima nafasi ya tairi: nyuma milimita 50, mbele 58. Je, nifunge 43 kote?

Fundi Spoki (Kampala)

Hapana, nyuma 43 itaacha milimita 3 na nusu tu kila upande. Weka 40 nyuma na 45 mbele. Hakuna sheria inayosema lazima zilingane, na ile pana ya mbele ndiyo itakayoipumzisha mikono yako.