Boneti imebaki na ukungu baada ya msasa wa maji: nirudie wapi?

Muulizaji, Isevya (Tabora)
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo. Boneti ya gari langu jeusi ilipakwa rangi upya miezi miwili iliyopita, klia (tabaka angavu la juu ya rangi) ikatoka na vipele kama ganda la chungwa, nami nikaamua kuisawazisha mwenyewe kwa msasa wa maji namba 1500, kisha nikapiga kompaundi (dawa ya kung'arishia) kwa mashine hadi ikang'aa. Kivulini boneti ni kioo kabisa. Jua la jioni likiipiga kwa ubavu, hata hivyo, naona ukungu wa kijivu wenye michirizi myembamba iliyonyooka. Nimerudia kompaundi mara tatu, na kila nikiosha gari hali inarudi ileile. Je, ninunue kompaundi kali zaidi?

Fundi rangi, Kiloleni
Marahaba, mwanangu. Usinunue chochote kwanza. Michirizi iliyonyooka ni ya msasa. Mashine huacha alama za mviringo. Umetoka 1500 ukarukia kompaundi, yaani umeiachia pedi ya mashine kazi ambayo msasa laini zaidi, wa 2000 na baadaye 3000, ungeimaliza kwa muda mfupi, na mafuta yaliyomo katika kompaundi yamekuwa yakiziba mikwaruzo kwa siku chache tu hadi sabuni iyaondoe. Rudi kwenye 2000. Loweka karatasi, tia matone ya sabuni kwenye maji, uizungushe kwenye kipande cha sponji ngumu kwa sababu vidole vitupu huchimba mifereji, na kila namba mpya uipitishe kwa kukatisha njia ya namba iliyotangulia, ili mkwaruzo wa zamani ukibaki uuone umelala peke yake. Kabla ya kubadili namba, kausha na utazame: boneti iliyolowa hudanganya, hung'aa hata ikiwa na makovu.

Mwenye gari, Cheyo
Nakubaliana na fundi, ila nina hofu na klia iliyobaki. Klia ya kiwandani mara nyingi ina unene wa mikroni 40 hadi 50 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), pungufu ya unywele wa kichwa, na ya gereji hutegemea mkono wa aliyepuliza. Nawe umeshaipunguza kwa 1500. Funika kingo na mikunjo kwa tepu ya karatasi, maana huko ndiko klia huwa nyembamba. Angalia pia rangi ya maji: yakitoka meupe kama maziwa unakula klia, yakianza kuwa meusi kwenye gari lako hilo, simama hapohapo. Na vumbi letu hili la kiangazi lisikuponze. Chembe moja ya mchanga ikinaswa kwenye sponji huchora mstari ambao 3000 haitaufuta.

Muulizaji, Isevya
Ahsanteni sana. Leo alfajiri, kabla bati halijapata moto, nimefanya nusu ya upande wa dereva pekee kwa 2000 na 3000, na maji yametoka meupe hadi mwisho. Kompaundi ileile iliyonishinda imemaliza kazi kwa pedi ya sponji, nimeosha kwa sabuni mara mbili, na jioni hii ukungu upo upande wa abiria tu. Kwenye ukingo wa karibu na taa nimeacha vipele vibaki.

Fundi rangi, Kiloleni
Umefanya vema kuuacha ukingo. Osha pedi kabla ya kuanza upande wa pili.