Mjadala: Mwanafunzi aanze na wingu, au kwanza aijue seva moja?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Nafundisha kompyuta chuoni. Kamati ya mitaala imeleta pendekezo kwamba somo la utangulizi wa kompyuta ya wingu (yaani kukodi kompyuta za kampuni kupitia intaneti) liingie muhula wa kwanza kabisa, na mtihani wa mwisho wa somo uwe ule wa cheti cha msingi cha mojawapo ya kampuni kubwa za wingu. Mimi napinga. Wingu lenyewe silipingi, napinga kulitanguliza. Nisikilizeni kwanza, halafu mnirarue.

Juzi niliwauliza vijana watatu waliotoka kwenye mafunzo mafupi ya wingu: faili ukishalipakia, linakaa wapi? Wa kwanza akasema kwenye setelaiti. Wa pili, "kwenye intaneti." Wa tatu alitaja kanda kwa jina na namba yake, sawasawa kabisa, nikampigia makofi moyoni. Nikamuuliza, sasa hiyo kanda ni kitu gani? Kimya. Kumbe ni eneo tu lenye majengo ya seva za kampuni.

Neno lenyewe nalo limetuponza kidogo. Ukisema wingu, mtu anatazama juu, na huko juu hakuna kitu. Kuna majengo, ndani yake kabati za chuma zimepangwa safu kwa safu, seva (kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine) zimechomekwa kama vitabu rafuni, na feni zinavuma mpaka mnaongea kwa ishara. Tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la kampuni ya wingu ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, liliteketea kwa moto, na wapo wateja waliopoteza data zao zote kwa sababu hawakuwa na nakala mahali pengine. Anayeamini data yake inaelea angani, habari kama hiyo ataielewaje, achilia mbali kujikinga nayo?

Ninachotaka ni muhula mmoja wa mashine moja ya Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta. Asakinishe mwenyewe. Aweke seva ya wavuti, ajue bandari (milango ya mtandao) 80 na 443 ni za nini. Ajaze diski mpaka mashine igome. Akosee ruhusa za faili mpaka ajifungie nje. Akishapita hapo, wingu atalielewa ndani ya wiki mbili. Hicho cheti ni maswali ya kuchagua jibu. Nimemwona kijana mwenye nacho akipewa seva ambayo tovuti yake haifunguki. Dakika arobaini alikuwa anabofya "washa upya". Diski ilikuwa imejaa pomoni. Amri ya herufi mbili tu, df, ingemwambia hivyo kwa sekunde moja.

Haya, uwanja ni wenu.

Mhandisi wa mifumo

Mwalimu, nusu nakuunga mkono. Kwenye usaili simuulizi mtu huduma fulani inaitwaje. Namuuliza: umeandika anwani ya tovuti, ukabonyeza Enter, kuanzia hapo nini kinatokea mpaka ukurasa uonekane? Wengi wenye vyeti vitatu au vinne wanaishia njiani, tena mapema. Na si swali la kumwonea mtu. Tarehe 20 Oktoba 2025 huduma chungu nzima za AWS, wingu la Amazon, zilianguka katika kanda yao ya Virginia, zikaangusha programu za watu dunia nzima. Chanzo? Rekodi ya DNS ya hifadhidata yao ya DynamoDB ilibaki tupu, kwa hitilafu ya mfumo unaosasisha rekodi hizo wenyewe. DNS ni daftari la kutafsiri majina kuwa namba, lilibuniwa mwaka 1983. Ghorofa mia moja juu, lakini msingi ni ule ule.

Nusu nyingine nakukatalia. Mashine moja muhula mzima inamfundisha mtu kuibembeleza. Siku hizi mashine inaandikwa: faili la mistari ishirini linalosema nataka seva ya ukubwa huu, mtandao huu, milango hii ifunguliwe. Ikileta shida unaifuta, unaendesha faili lako tena, unapata nyingine kama ile. Aliyekulia kwenye kubembeleza anaona kufuta ni dhambi. Najua kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa hivyo, nilikuwa na seva niliyoikarabati miaka minne, na siku ilipokufa hakuna aliyejua ilikuwa imeundwaje. Hata mimi.

Mpita njia

Muhula mzima wa kujaza diski? Mtawakimbiza watoto wa watu.

Mwalimu wa sekondari

Mleta mada, hiyo mashine ya Linux nitaitoa wapi? Nina wanafunzi wengi kuliko viti, kompyuta za maabara ni chache, na zile zinazowaka zimefungwa kwa nenosiri la msimamizi ambaye alishahama. Mwanafunzi wangu hawezi kusakinisha hata fonti.

Kwangu mimi wingu ndiyo maabara. Mtoto anafungua kivinjari, baada ya dakika moja ana mashine ya Linux yake peke yake. Anaivuruga, anaifuta, anaanza upya, na hakuna fundi wa kumkasirikia. Kwenye maabara yako, mwalimu, akijifungia nje anasubiri mtu mpaka Jumatatu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipotoa maana rasmi ya kompyuta ya wingu mwaka 2011 ilitaja sifa tano, na ya kwanza ni mtumiaji kujihudumia mwenyewe pale anapohitaji. Wengi wanaikariri tu. Mimi naiona darasani kila siku.

Kwa hiyo huu ugomvi wa seva na wingu siuoni. Hayo yote uliyoyaorodhesha, bandari, diski, ruhusa, yafundishe. Yafundishie kwenye mashine ya wingu. Kilichobadilika ni chuma kipo kwenye jengo la nani.

Mleta mada

Dada, hapo umenibana, na sina jibu la haraka. Niulize tu: akaunti ni za nani? Sehemu nyingi wanadai kadi ya benki wakati wa kujisajili, na mwanafunzi hana kadi. Akiazima ya mzazi, mashine ikasahauliwa inawaka, nani analipa?

Aliyewahi kuungua

Hili la bili niachieni mimi.

Nilikuwa mwaka wa pili. Nilitengeneza programu ndogo ya kuhifadhi picha, nikaandika funguo za siri za akaunti yangu humo humo ndani ya kodi (maandishi ya programu), kisha nikaipandisha kodi yote kwenye hazina ya umma, ghala la kodi la mtandaoni linaloonekana na kila mtu, ili mwenzangu aione. Nikalala. Asubuhi nafungua akaunti, nakuta mashine kubwa kubwa zinawaka katika kanda ambazo sijawahi kuzigusa, zote zinachimba sarafu za kidijitali. Kuna roboti zinazopekua hazina hizo usiku na mchana zikitafuta funguo kama zangu. Bili niliyoiona sikuwahi kushika hela kama hiyo maishani. Niliandika barua pepe zisizo na idadi, mwishowe mtoa huduma akanifutia deni, lakini wiki mbili zile sikula vizuri.

Sasa msije mkafikiri ukiweka tahadhari ya bajeti umepona. Tahadhari inakupa taarifa, haizimi kitu, na mara nyingi inafika saa kadhaa baada ya moto kuwaka. Kwa hiyo kama mnafundisha wingu, kipindi cha kwanza kisiwe cha mashine. Kiwe cha akaunti: uthibitishaji wa hatua mbili, kutotumia akaunti kuu kwa kazi za kila siku, funguo zikae wapi, na jinsi ya kusoma bili mstari kwa mstari. Mtoa huduma analinda jengo na vyuma vyake. Mlango ulioacha wazi ni wako.

Mzazi

Nawasoma tangu jana, mengi yananipita. Mimi ndiye mlipa ada. Binti yangu ameleta tangazo linasema "kuwa mhandisi wa wingu kwa wiki 12". Swali langu ni moja: akimaliza anapata kazi?

Mhandisi wa mifumo

Mama au baba, nitakujibu bila kuremba. Kwa wiki 12 peke yake, sidhani. Anayeitwa mhandisi wa wingu mara nyingi alianzia pengine: dawati la msaada wa kiufundi, usimamizi wa mifumo, mitandao, au kuandika programu. Hapo ndipo binti aanze kutafuta, na asione ameshuka.

Na hiyo "kazi ya wingu" si moja. Yupo anayejenga miundombinu kwa kuiandika kama nilivyoeleza. Yupo anayehakikisha mifumo haianguki na ikianguka inainuka, huyu anaamshwa na simu saa nane usiku, jambo ambalo kwenye matangazo hulioni. Wapo wa usalama. Wapo wa data. Na kuna kazi moja ambayo wanafunzi hawaisikii kabisa: mtu anayekaa na bili ya kampuni na kutafuta mashine zilizosahaulika, diski zisizo na mwenyewe, hifadhi inayolipiwa bure. Mtu makini na hesabu, hata asiye mwandishi mzuri wa kodi, anafanya vizuri hapo.

Cheti kina kazi yake. Kinasaidia jina lako lisichujwe kabla hujaitwa. Ila vya AWS vinaisha baada ya miaka mitatu, na msaili makini akishakuita anataka kuona kitu ulichojenga, na zaidi ya hapo, kitu kilichokuharibikia na ulifanyaje. Huyu kijana wa bili hapo juu, mimi ningemwajiri kwa hadithi hiyo moja.

Aliyewahi kuungua

Umechelewa mkuu, nimeshaajiriwa.

Mwanafunzi mwaka wa kwanza

Shikamooni walimu. Mimi nimesoma somo la aina hiyo, naomba niseme upande wetu.

Ningeanza na amri za kwenye skrini nyeusi ningeacha, Mungu anaona. Kilichonishika ni siku ya kwanza: tuliandika ukurasa mmoja wenye jina letu, tukaupandisha, nikamtumia kaka yangu anwani na akaufungua kwenye simu yake akiwa mbali huko. Nilihisi kama nimejenga nyumba. Wiki ya tatu ukurasa ukafa. Hapo ndipo nikaitafuta df, mwalimu, mwenyewe, saa tano usiku, kwa sababu kitu kilichokufa kilikuwa changu. Kumbe rekodi za matukio ya seva zilikuwa zinajiandika bila kufutwa mpaka diski ikajaa.

Kusikia kwamba kuna kazi za namna hii pia kulinisaidia. Kwetu nilidhani mtu wa kompyuta ni wa kutengeneza printa.

Mtu wa programu huria

Hakuna anayeuliza kwa nini kampuni zinagawa mitaala bure? Mwanafunzi aliyezoea vitufe vya kampuni moja ni mteja wa kesho. Siwalaumu, ni biashara. Lakini chuo kisiwe wakala wao. Fundisheni vinavyohamishika: Linux, mitandao, kontena (vifurushi vya programu pamoja na mahitaji yake), Kubernetes (msimamizi wa kontena hizo; jina lenyewe, kwa wasiojua, ni neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani wa chombo). Na hata huko macho yawe wazi: Terraform, zana ya kuandika miundombinu, ilikuwa huria mpaka Agosti 2023 wenye nayo, kampuni ya HashiCorp, walipobadili leseni, watu wakalazimika kuchukua kodi ya zamani na kuanzisha mbadala huria, OpenTofu.

Mwalimu wa sekondari

Kweli, ila mtoto lazima ajifunzie kwenye vitufe vya mtu fulani. Aliyejua kuendesha gari moja, la pili linamsumbua siku mbili tatu tu.

Mleta mada

Nimewasoma wote, na nimelala nalo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ndiye amenimaliza. Mimi nilipanga waharibu mashine ili wajifunze, nikasahau kwamba mtu haumii kwa kuharibikiwa na kitu kisicho chake.

Kwa hiyo kwenye kamati nitakwenda na hiki. Wingu liingie muhula wa kwanza, sawa. Akaunti iwe ya chuo, kila mwanafunzi apewe kijisehemu chake chenye kikomo, na mashine zote zizimwe zenyewe kila usiku. Kipindi cha kwanza akaunti na bili, kama alivyosema aliyeungua. Cha pili ukurasa wenye jina lako. Kisha tunashuka chini, bandari, DNS, diski, huku ukurasa wenyewe ukiwa hai.

Na wiki ya sita nafuta mashine zote. Tarehe sitaitaja. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni ya kuhifadhi kodi mtandaoni, alifuta saraka ya data kwenye seva aliyodhani ni nyingine; walikuwa na njia tano za kuhifadhi nakala, na hakuna iliyofanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni nakala ya saa sita nyuma ambayo mtu alikuwa ameitengeneza kwa shughuli nyingine kabisa. Nataka wanafunzi wangu wakutane na siku hiyo darasani kabla hawajakutana nayo kazini.

Mtihani wa kampuni kuwa mtihani wa somo bado nakataa. Anayetaka cheti akafanye kwa hiari yake, nitamsaidia kujiandaa. Alama zangu atapata kwa kuurudisha ukurasa wake hewani.

Mwanafunzi mwaka wa kwanza

Mwalimu, nakala tunaruhusiwa kuiweka wapi?

Mleta mada

Popote, isipokuwa kwenye mashine hiyo hiyo.

Mhandisi wa mifumo

Na mjaribu kuirudisha kabla ya wiki ya sita. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa ni faili tu.

Aliyewahi kuungua

Na funguo za siri zisiwemo ndani yake, tafadhali!