Mnaofundisha na mnaojifunza udaktari Lamu na Malindi: tupeane uzoefu wa kuhudumia wagonjwa Waislamu

Nesi Mvita (Malindi): Asalaam alaykum na habari zenu. Wanafunzi wanaoletwa huku kwa mazoezi wengi ni wa bara. Darasani wameambiwa "heshimuni dini ya mgonjwa", basi. Kuheshimu vipi, hawakuonyeshwa.

Naanza mimi. Ramadhani iliyopita mzee wa sukari aliletwa alasiri, anatetemeka, jasho linamchuruzika. Kafunga, na insulini kadunga dozi ileile ya siku zote. Alipopata nafuu mwanafunzi akamwambia, "Mzee, dini imewaruhusu wagonjwa kula." Mzee kimya. Aya ile ya ruhusa, ya sura ya Al-Baqara, ameihifadhi tangu chuo cha Kurani. Alichokosa ni mtu wa kumpangia dawa. Sasa nawafunza waanze Shaabani, mwezi wa kabla ya Ramadhani: muulize kama ananuia kufunga, mtazame figo na kama sukari humshuka ovyo, kisha mpange na daktari dozi ya futari na ya daku. Na mwambieni kupima tone la damu hakuvunji saumu, wengi hawapimi kwa hofu hiyo tu. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, afungue palepale.

Bi Mkunga (Lamu): Kwangu shida ni pazia. Kijana wa kiume analivuta bila hodi, mama anahangaika kutafuta mtandio. Hodi kwanza, jina lako, halafu, "Mama, una neno nikikupima mimi?" Nesi wa kike asimame hapo. Akikataa na si dharura, aitwe daktari wa kike. Damu ikishamwagika hakuna anayebishana, nimeona. Mtoto akitoka, babake apewe nafasi ya kumuadhinia. Ni dakika chache, wala hamzuii mtu kazi.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano: Bi harusi wa pumu, vidole vyote vina piko, ile rangi nyeusi ya urembo. Mashine ya oksijeni ya kidoleni ikatoa namba zisizoeleweka. Nesi akaihamishia kwenye ndewe ya sikio, ikasoma. Kitabuni sikuyaona hayo!

Mwana wa Mkomani: Ila msiwape orodha wakaikariri. Mamangu hajali daktari mwanamume, shangazi yangu hataki hata kusikia. Nyumba moja hiyo.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano: Na pampu ya pumu, inafunguza?

Nesi Mvita: Wanazuoni wametofautiana. Amuulize imamu wake. Wewe hakikisha anayo mfukoni, na akibanwa aitumie, siku hiyo ataikidhi, yaani ataifunga baadaye.