Mrejesho: andiko langu la ruzuku ya ndani limepita

Ndugu wanataaluma, niliomba ushauri wenu baada ya chuo changu kulikataa, kwa maelezo ya mstari mmoja tu, andiko langu la ruzuku ya ndani kuhusu wakulima wa mwani wa Paje, Zanzibar. Nashukuru kuwaarifu kuwa limepita katika duru ya pili.

Ushauri ulionifaa kuliko wote ni ule wa kukumbuka kwamba wajumbe wa kamati hutoka idara mbalimbali, hivyo mwanasheria asiyejua tofauti ya cottonii na spinosum (aina mbili za mwani) hawezi kunipa alama kwa jambo asilolielewa. Niliuandika upya ukurasa wa kwanza, nikieleza kwa lugha nyepesi kwamba cottonii, yenye bei nzuri zaidi, hufa maji ya kina kifupi yanapopata joto kali, na kwamba wanaoumia ni wanawake, ambao ndio wengi katika kilimo hicho. Katika bajeti niliondoa kompyuta mpakato (nakiri niliitamani tu), nikabakiza nauli ya boti, posho za wasaidizi na gharama za maabara.

Fedha bado hazijatoka, kwa kuwa uhasibu unasubiri kibali cha maadili ya utafiti, ambacho nilichelewa kukiomba.