Ndege zilizopotea zikipelekwa vikosini: acheni kuziruka katika orodha zenu

Ndugu wanajukwaa,

Nina hasira, na sitaificha. Karibu kila orodha ya ndege zilizopotea katika Vita Kuu ya Pili ninayoifungua inaanza kuhesabu pale ndege ilipopokelewa na kikosi, kana kwamba zile zilizoanguka njiani zikitoka kiwandani hazikuwa na mtu ndani yake.

Niliiandikia ofisi moja ya nyaraka kuulizia Hurricane, ndege ya kivita yenye kiti kimoja, iliyopotea katika njia ya Takoradi, bandari iliyo Ghana ya leo, nikajibiwa kwamba nitaje kwanza namba ya kikosi. Kikosi kipi? Ndege za njia ile zilishushwa melini zikiwa ndani ya masanduku, zikaungwa palepale Takoradi, kisha zikarushwa hadi Misri kupitia Lagos, Kano, Maiduguri, Fort Lamy (N'Djamena ya leo), El Fasher na Khartoum, mwendo wa takriban kilomita 6,000, huku marubani wa Hurricane, kila mmoja peke yake, wakiifuata Blenheim, ndege ya kudondosha mabomu, iliyowaongoza. Aliyeachwa nyuma katika vumbi hakuwahi kuandikwa katika daftari la kikosi chochote, kwa sababu hakuna kikosi kilichokuwa kimempokea.

Wengine humu hunijibu kwamba hizo zilikuwa ajali tu. Ajali tu? Shirika la ATA (Air Transport Auxiliary) la Uingereza, la marubani wa kiraia waliokabidhi ndege kwa jeshi, lilipeleka ndege zaidi ya 300,000 na kupoteza watu zaidi ya 170, akiwemo Amy Johnson, aliyeanguka kwenye mlango wa mto Thames tarehe 5 Januari 1941 akipeleka ndege ya mafunzo aina ya Airspeed Oxford, na ambaye mwili wake haujapatikana hadi leo. Yeye anatajwa kwa kuwa alikuwa maarufu tangu kabla ya vita. Gertrude Tompkins, rubani Mmarekani aliyepeleka ndege za jeshi, aliruka kutoka Los Angeles tarehe 26 Oktoba 1944 akiwa na ndege mpya ya kivita aina ya P-51, na kwa sababu ya kasoro ya makaratasi zikapita siku kadhaa kabla hajatambuliwa kuwa ametoweka. Siku kadhaa, jamani!

Msiniambie kwamba habari hazipo. Kadi ya mwenendo wa ndege, inayoonyesha ndege ilihamishiwa wapi na lini, ikisomwa sambamba na kadi ya ajali huweza kutoa namba ya ndege, tarehe na mahali ilipoangukia. Kwa hiyo nawataka wanaosimamia orodha za humu waongeze safu ya ndege zilizopotea zikipelekwa, na anayepinga aeleze hapa chini ni kwa kigezo gani anawaacha nje marubani hawa.